Kuwamba si Kubandika

Swali lenyewe lilikuwa fupi. "Mjomba," aliniuliza mpwa wangu, "nyekundu au nyeusi?" Nami nikamjibu kwa pupa kwamba si nyekundu wala si nyeusi. Baada ya jibu hilo ilinibidi nieleze, na maelezo yakala Jumamosi nzima, na hata sasa sidhani kwamba yamekwisha. Kwa hiyo naomba wasomaji waniwie radhi nikiyaleta katika ukurasa huu wa utamaduni, ijapokuwa yanahusu gari.

Gari hilo liko Mosocho. Wasioijua Mosocho wafahamu kwamba ni kituo kidogo kwenye barabara kuu itokayo mjini Kisii kwenda Kisumu, mwendo wa dakika chache tu kutoka mjini. Wengi hukijua kwa sababu ya shule ya upili iliyopewa jina la Kadinali Maurice Otunga, aliyekuwa Askofu wa Kisii kabla hajawa Mkenya wa kwanza kupewa ukadinali mwaka 1973. Ni nchi ya migomba na ya mvua. Mvua yetu haina msimu mmoja kama ya wenzetu, karibu kila mwezi hunyesha, na tabia yake ni kungoja jua la mchana likuchome vizuri ndipo ikuloweshe alasiri. Naomba jambo hilo la mvua likumbukwe, kwani nitalirudia.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amekuwa akiunda gari kwa miaka minne nyuma ya nyumba ya mama yake. Sisemi juu ya kigari cha waya cha kusukumwa na watoto. Ni gari hasa, dogo, la viti viwili, la mbio. Sakafu na injini alizitoa katika Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe ambayo baba zetu waliiona ikishinda mashindano ya Safari miaka ya 1954, 1957 na 1962. Bodi ameimwaga mwenyewe kwa faiba, tabaka juu ya tabaka, na majirani wakazoea harufu yake. Sasa gari linawaka, linakwenda, linasimama. Lililobaki ni ndani. Ndani ni uchi mtupu: faiba yenye vijinyuzi vinavyochoma ngozi kama upupu, nyaya zinaning'inia kama utumbo wa kuku, na sakafu ni bati linalotoa sauti ya debe.

Mfukoni amebaki na shilingi 60,000. Mama yake alikwisha kuuza ng'ombe mmoja kwa ajili ya gari hili, akasema mbele ya watu kwamba ng'ombe wa pili hatauzwa. Basi fedha hizo ndizo za mwisho, na kosa likifanyika halitarekebishwa upesi.

Alinionyesha katika simu yake picha ya gari alilolitamani. Milango yake kwa ndani ilikuwa imevikwa ngozi bandia nyekundu, imeshonwa kwa mistari ya kukatana iliyofanya vimito vidogo vidogo vya umbo la almasi. Sakafuni palikuwa na zulia nene la manyoya. Darini kulikuwa na taa za samawati. Nilitazama, nikamwuliza kama hilo ni gari au ni chumba cha kulala cha maharusi. Hakucheka.

MAGARI YA VIPANDE

Kabla ya kumwonea kijana, tuangalie wenzetu waliotangulia katika shughuli hii walifanya nini.

Nchini Uingereza kulikuwa na desturi ya kuuza magari ya mbio kwa vipande, mnunuzi akayaunge mwenyewe nyumbani. Sababu yake haikuwa mapenzi ya ufundi peke yake. Gari zima lilitozwa kodi ya ununuzi, lakini vipande havikutozwa hivyo. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alitoa gari liitwalo Seven, na watu wengi wakalinunua kwa namna hiyo. Mwaka 1973 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ile ya ongezeko la thamani ambayo haikubagua vipande na gari zima, na nafuu ikaisha. Mwaka huo huo haki za kuliunda gari la Seven zikachukuliwa na kampuni ya Caterham, ambayo ingali inaliunda. Mwaka 1996 mwalimu mmoja Mwingereza, Ron Champion, akaandika kitabu cha kuwafundisha watu kujiundia gari la namna hiyo kwa pauni 250 tu, na vijana wengi kule wakaenda kuchimbua magari mabovu.

Sasa, ndani ya Lotus Seven ya mwanzo mlikuwa na nini? Bamba tupu la aluminiamu, mito miwili, usukani na saa chache. Hapana zulia, hapana dari, na milango yenyewe hapana. Wala wanunuzi hawakuwa mafukara. Walielewa kwamba gari la mbio ni gari lililopunguziwa, na kwamba kila kilo unayoibandika mlangoni injini itaibeba kila siku, kupanda na kushuka.

Wafaransa nao walipotoa Citroën 2CV mwaka 1948, viti vyake vilikuwa kitambaa kilichowambwa juu ya mabomba kwa mikanda ya mpira, kama machela. Na Mini ya mwaka 1959 ilifunguliwa mlango kwa ndani kwa kuvuta kamba. Kamba! Leo watu hulipa fedha nyingi kuipata Mini ya kamba.

Niliyasema haya yote kwa majivuno kidogo, kama mtu aliyesoma. Mpwa wangu akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno ambalo limenikaa rohoni. "Mjomba, Mzungu akiacha gari lake uchi anaitwa bingwa. Mimi nikiliacha uchi hapa Mosocho nitaitwa mtu aliyeishiwa."

Ni kweli. Sikuwa na jibu la papo hapo. Kila mara sisi ndio tunaoambiwa kwamba utupu unapendeza, na anayetuambia amekalia kochi. Hata mimi niliyekuwa nikimhubiria nilifika pale kwa gari lenye zulia.

LADHA HII IMETOKA WAPI

Vijana wa magharibi ya Kenya hawakuiokota ladha ya almasi nyekundu barabarani tu. Waliipanda, na nauli wakailipia. Mwanzoni matatu zilikuwa na mabenchi ya mbao, abiria wakikaa kutazamana huku magoti yakigongana. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu magari hayo yabebe abiria bila leseni maalumu, ushindani ulizaliwa, na ushindani ukaleta mapambo. Kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutumika Februari 2004 zikaleta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa njano, na kwa miaka kadhaa matatu zote zikafanana kama sare za shule. Michoro iliporudi ilirudi kwa kishindo, na ndani ya gari ndiko kishindo kilikozidi: viti vya rangi mbili, dari ya ngozi bandia, taa, runinga. Wenye kuziunda ni Wakenya. Lori hufika kama chesisi na kichwa tu, na mafundi wetu hujenga yote yaliyobaki. Ukitafakari, nchi hii imekuwa ikiunda magari ya vipande kwa miaka mingi bila kuyaita hivyo.

Kwa hiyo siidharau kazi ile. Matatu ni dukani kwa mwenyewe, lazima avute wateja. Lakini gari la viti viwili halina mteja wa kuvutwa. Lina mtu mmoja atakayelipangusa na kulilipia mafuta.

Wakubwa nao wamejikwaa kwenye jambo hili la ndani ya gari. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Magari matano ya mfano, Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa mwaka 1990, moja lao likifikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa, lakini hayakufika sokoni. Baadaye ikaja kampuni ya Mobius, iliyojaribu kuunda gari la barabara mbovu kwa bei nafuu. Gari lake la kwanza kuuzwa lilipunguziwa anasa za ndani ili bei ishuke, na wanunuzi wengi wakanung'unika kwamba kwa fedha hizo wangepata gari kuukuu la Japani lenye kila kitu. Toleo lililofuata likaongezewa starehe. Agosti 2024 kampuni ikatangaza kwamba inafungwa, kisha akapatikana mnunuzi. Sisemi kwamba ilishindwa kwa ajili ya viti. Nasema kwamba mpwa wangu hakukosea: watu huliamini gari kwa kuchungulia ndani yake.

ZULIA LILILOKULA GARI

Acha nieleze kwa nini naliogopa zulia.

Nilikuwa na pikapu zamani. Nikampelekea fundi mmoja, ambaye simtaji, anivalishie ndani. Kazi yake ilikuwa ya kupendeza. Aligundisha sponji juu ya bati, akagundisha zulia juu ya sponji, akapiga ukingo kwa ribiti, nami nikaendesha miaka mitatu nikijiona waziri. Harufu ya uvundo niliyoisikia msimu wa mvua nilidhani ni viatu vyangu. Siku moja mtoto wangu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka sita, alisimama upande wa abiria akiwa na hamu ya kuona mbele, na mguu wake wa kulia ukazama hadi gotini. Tulikuwa tumesimama, nashukuru. Tulipolifumua lile zulia tukakuta sponji imelowa kama kitambaa cha kudekia, na bati chini yake halikuwa bati tena, lilikuwa unga wa rangi ya ugoro. Maji yalikuwa yakiingia kwa mlango, yakanywewa na sponji, yakakaa humo mwaka mzima. Nje gari lilikuwa linang'aa.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima na kovu analo.

Gari la mpwa wangu lina sakafu ya bati la zaidi ya miaka 40, na paa lake ni turubai la kufunga na kufungua. Mvua ya Mosocho itaingia. Swali si kama itaingia, swali ni kama itapata njia ya kutokea. Kwa hiyo nionavyo mimi, sakafu ya gari la namna hii isigundishwe kitu chochote. Ipakwe rangi nzito ya kuzuia kutu, itobolewe vijishimo vya kutokea maji, na juu yake liwekwe jamvi la kuinuliwa kwa mkono mmoja.

Na jamvi hilo liwe la nini? La katani. Hapo wengine watasema narudi kwenye magunia. Nawakumbusha kwamba kampuni ya Mercedes-Benz katika miaka ya 1990 ilitengeneza mabamba ya milango ya magari yake ya daraja la E kwa nyuzi za kitani na katani zilizoshindiliwa kwa gundi, kwani ni nyepesi na hazipasuki vipande vyenye makali gari likigonga. Katani hiyo hiyo tunailima Kilifi na Taita. Hata viti vya Volkswagen ile ya kobe vilijazwa makumbi ya nazi yaliyotiwa mpira. Kwa maneno mengine, nyuzi za mimea zilikuwamo katika magari haya kabla fundi yeyote wa Nairobi hajaiona sponji.

Nikigusia viti vya Volkswagen, niseme jambo moja ambalo kila mwenye kuunda gari juu ya sakafu hiyo lazima alijue. Betri ya gari lile hukaa chini ya kiti cha nyuma. Kiti kikilemewa na chemchemi za chuma zikagusa vichwa vya betri, cheche huruka, na makumbi au sponji hushika moto mtu akiwa amekaa juu yake. Limewahi kutokea, tena si mara moja. Mpwa wangu hana kiti cha nyuma, lakini betri aliiacha mahali pake na alikusudia kuifunika kwa mto mwekundu. Hilo nilimkatalia bila mjadala. Betri imefunikwa sasa kwa sanduku la mbao lenye kifuniko cha mpira mzito, na mto hautawekwa.

KWA FUNDI

Tulikwenda kumwona mzee anayeshona viti kando ya barabara. Kazi yake kubwa ni viti vya bodaboda na makochi, na kibanda chake kina cherehani moja ya zamani, nzito, inayopenya turubai mara tatu kama siagi. Nilidhani atauunga mkono upande wa almasi nyekundu, kwani kushona almasi ni kazi ya siku nyingi na malipo yake ni mara mbili. Alimwangalia kijana, akamwuliza, "Gari lako lina paa la bati?" Kijana akasema la turubai. "Basi tuchome vitu kwanza," akasema.

Akakata vipande vyembamba vya urefu wa shubiri: sponji, ngozi bandia yenye sponji mgongoni, turubai la pamba, na ngozi ya ng'ombe. Akavining'iniza kwenye waya nje ya kibanda, akaviwasha kimoja kimoja. Sponji ilidondoka matone ya moto na kutoweka kabla sijahesabu kumi. Ngozi bandia ilitoa moshi mweusi, na moto ulipoondolewa uso wake ukajizima, lakini ile sponji iliyogundishwa nyuma yake haikujizima. Turubai liliungua polepole, likaendelea kuvuta kama sigara. Ngozi ilijikunja, ikanuka nywele, ikazimika.

Nilimweleza mzee kwamba Marekani, tangu miaka ya 1970, sheria inataka kitu chochote cha ndani ya gari kisiungue kwa kasi ya zaidi ya milimita 102 kwa dakika, yaani inchi nne. Akasema hiyo ni kasi ya konokono aliyekasirika, na kwamba sponji yake ni swara. Moshi wa sponji nao una sumu, humwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Mzee hakuusoma mahali, ila aliwahi kuona nyumba ya kochi moja ikiteketea.

Baada ya hapo mazungumzo yalibadilika. Mpwa wangu hakutaja tena almasi. Alianza kuuliza maswali ya mtu anayejenga, na naona niyaeleze baadhi, kwani wako wengine huko vijijini wenye kazi kama yake.

Bamba la mlango lenyewe, kabla ya kuvikwa, liwe la kitu gani? Wengi hutumia hadibodi kwa kuwa ni rahisi. Hadibodi ikinywa maji huvimba kama maandazi na hairudi. Afadhali plaiwudi ya milimita tatu au nne, ipakwe vanishi pande zote mbili na hasa kwenye kingo, kwani mbao hunywa maji kwa kingo. Nyuma yake itundikwe karatasi ya nailoni, maji yakiingia mlangoni yateremke hadi chini yatoke. Na bamba lisigundishwe mlangoni. Lifungwe kwa skrubu zenye vikombe vidogo vya shaba chini ya vichwa, ili siku nyaya zikileta taabu, bamba litoke kwa bisibisi na lirudi bila jeraha. Skrubu zinazoonekana hazina aibu. Aibu ni kulichana zulia kwa kisu ukitafuta waya uliokatika.

Gundi nayo ina mambo yake. Faiba ikitoka kwenye kalibu huwa na nta usoni, ambayo hupakwa ili isigande. Ukipaka gundi juu ya nta hiyo, kitambaa kitakaa wiki mbili, kisha jua la Januari litakiangusha kichwani mwako. Lazima nta ioshwe na faiba ikwaruzwe kwa msasa. Nilishangaa kwamba mpwa wangu, aliyeimwaga faiba hiyo kwa mikono yake, hakuwa amelifikiria.

Na rangi? Hapa nilishinda nusu. Juu ya dashibodi, pale panapotazamana na kioo cha mbele, pasiwe pekundu wala peupe wala pa kung'aa. Pawe peusi pasipo mng'aro. Chochote kinachong'aa pale hujichora kwenye kioo, na dereva akilielekea jua huiona dashibodi yake badala ya mwenye baiskeli. Lakini palipobaki pasiwe peusi, kwani gari la wazi katika miinuko yetu hupigwa na jua la wima, na ngozi bandia nyeusi ya kiti huweza kumchoma mwenye suruali fupi. Jua hilo hilo hukausha yale mafuta yanayoilainisha ngozi bandia, na baada ya miaka michache huanza kupasuka kama kisigino.

OBOKANO NA GUNDI

Kulikuwa na kijana mwingine pale kibandani, rafiki wa mpwa wangu, aliyenisikiliza nikitaja katani na ngozi, akapata wazo. "Basi tulifanye la kiasili," akasema. "Tubandike kitenge mlangoni, tuweke ngao ndogo juu ya dashibodi, na kichwa cha gia kiwe cha jiwe la Tabaka." Alitaka kunifurahisha, masikini, na labda alishangaa niliponuna.

Jiwe la Tabaka nalipenda. Ni laini, huchongeka kwa kisu, na wachongaji wa kule wamelisafirisha hadi Ulaya na Marekani. Lakini jiwe hilo lina tabia ya kushika joto na kukaa nalo. Liache juani mchana kutwa ndani ya gari lisilo na paa, kisha ulishike kwa kiganja utie gia ya kwanza. Kiasili kitakutoka kinywani.

Kitenge ni kizuri mwilini. Mlangoni kitachujuka kabla ya Krismasi. Lakini ubaya wake mkubwa kwangu si huo. Naona kuna utamaduni wa kubandika ambao umetushika sote, wa kuchukua alama ya kwetu na kuigundisha juu ya kitu kilichofanywa kwa akili ya kwingine, kisha tukajipongeza. Hoteli hufanya hivyo, na magari ya harusi, na hata ofisi za wakubwa. Ukiubandua ule ubandiko, hakuna aliyejifunza chochote.

Mzee wa cherehani alikuwa kimya muda mrefu. Ndipo akaniuliza kama nimewahi kuona obokano ikiwambwa. Obokano, kwa wasiojua, ni kinubi kikubwa cha Wagusii chenye nyuzi nane, ambacho sauti yake nzito husikika hadi kifuani. Chini kina bakuli la mti, na bakuli hilo hufunikwa kwa ngozi ya ng'ombe. Nikasema nimewahi, nikiwa mtoto. "Uliona gundi?" akauliza. Sikuona. Ngozi huloweshwa, huvutwa juu ya bakuli ikiwa bado tepetepe, hufungwa, huachwa. Ikikauka hujikaza yenyewe kuliko mkono wa mtu. Haina sponji chini yake wala haitaki. Ikilegea kwa unyevu huanikwa ikarudi.

Akachukua kipande cha plaiwudi, akakilaza mezani, akakata ngozi kubwa kuliko kipande hicho kwa upana wa vidole vitatu kila upande. Akailowesha kwa maji ya uvuguvugu. Akaikunja nyuma ya ubao, akaivuta kwa koleo, akapiga vijimisumari vya shaba kuanzia katikati ya kila upande kwenda pembeni, hakuanzia pembe hata mara moja. Akatuambia turudi kesho yake. Kesho yake ubao ule ulikuwa umekaza hivi kwamba mpwa wangu alipoupiga kwa kidole ulilia kidogo, puu. Akaupiga tena. Nadhani hapo ndipo moyo wake ulipogeuka, wala si kwa sababu ya Lotus yangu au Mercedes.

Wako watakaosema kwamba huo nao ni ushabiki wa kale. Mimi nauona kuwa ni ufundi tu, na ya kale imetokea kuwa nafuu zaidi. Kuwamba hakuhitaji gundi, na bila gundi hakuna kubanduka.

HESABU

Ngozi nzima iliyotengenezwa vizuri ni ghali, tena ng'ombe wetu wa kienyeji ni wadogo, na ngozi zao zina makovu ya kupe na ya seng'enge. Mpwa wangu alikwenda Daraja Mbili, soko ambalo mtu asipopata kitu basi hakijaumbwa, akazunguka kwenye mitumba ya makoti. Akarudi na makoti matano ya ngozi, ya kahawia, makubwa, ya watu wa nchi za baridi. Mgongo wa koti moja ulitosha robo tatu ya mlango. Mishono ya zamani mzee akaiacha pale pale, imepita katikati ya bamba kama mto kwenye ramani. Mpwa wangu alitaka kuificha. Nikamsihi asiifiche, akanikubalia kwa shingo upande.

Viti vikashonwa kwa turubai zito la rangi ya udongo, lile la maturubai ya malori, juu ya mikanda ya mpira wa magurudumu iliyowambwa kwenye fremu. Sponji ikawekwa moja tu, nyembamba, mahali pa kukalia, tena ndani ya mfuko wa kuvuliwa na kuanikwa. Dari hakuna, paa ni turubai na linatosha. Pembeni mwa miguu, pale ambapo faiba ilikuwa ikichoma, tukapaka rangi nzito tu. Fedha zilitosha, zikabaki za kulipia ukaguzi, ambao nao si jambo la mchezo kwa gari lisilo na kiwanda.

Nilisema nilishinda nusu. Nusu nyingine aliishinda yeye. Alisema hawezi kuishi na gari la rangi ya udongo nje ya mvua na ndani ya mvua, na kwamba ameota nyekundu miaka minne. Tulibishana karibu na kugombana. Mama yake, ambaye hakuwa ametia neno tangu habari ya ng'ombe, akatoka jikoni na kutuuliza kama nyekundu hiyo itaoza. Mzee akasema uzi hauozi upesi. Basi mishono yote ya viti na ukingo wa milango imepigwa kwa uzi mwekundu, mnene, wa kushonea viatu, na mzee alitoza siku mbili zaidi ambazo sisi sote tulikubali kwamba ni haki yake. Nilivyokuwa nimekaza kichwa, naona haya kukiri kwamba unapendeza.

Jumamosi iliyopita nilipita tena. Mlango wa kushoto ulikuwa umekwisha kufungwa, skrubu zake nane zinang'aa. Wa kulia ulikuwa ungali mezani, ngozi yake bado ina unyevu, na mvua ilikuwa imeanza kunyesha upande wa Kisii. Mpwa wangu alilivuta turubai la paa, likafika karibu na kioo cha mbele, likabakiza uwazi wa vidole viwili. Akaniangalia. Maji yakaingia, yakateremka juu ya rangi ya sakafu, yakatafuta vijishimo, yakatoka.